Kabla Hujanunua Tyubu: Mwongozo wa Ngozi na Nywele kwa Watu wa Mtwara na Lindi

Mama mmoja wa huku uwanda wa juu, upande wa Newala, aliingia chumba cha matibabu, akafungua fundo la kanga na kumwaga mezani tyubu sita. Nyingine zilikuwa zimeminywa hadi mkiani. Alikuwa anajikuna mwezi wa nne. Mgongoni alibeba mtoto, na katikati ya vidole vya mtoto huyo kulikuwa na vipele vidogo vyenye vigaga. Ulikuwa upele, ugonjwa wa kidudu kinachochimba chini ya ngozi. Katika zile tyubu sita hapakuwa na hata moja ya upele, na mbili zilikuwa na steroidi, dawa ya kuzima uvimbe na mwasho, ambayo ilimtuliza siku chache huku kidudu kikiendelea kuchimba.

Nimekuwa muuguzi katika mikoa hii miwili kwa miaka mingi, na kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni hilo: watu wanaanza na dawa kabla hawajaangalia. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia mimi mwenyewe: macho kwanza, kisha kidole, kisha maswali, na dawa mwisho.

Hatua ya kwanza: angalia mchana, angalia mwili mzima

Toka kwenye mwanga wa asubuhi, au kaa karibu na dirisha. Tochi ya simu inapausha ngozi na kuficha mabaka. Vua nguo, na mtu unayemwamini akuangalie mgongo, makalio, nyuma ya masikio na katikati ya vidole vya miguu.

Jambo moja wengi hawaambiwi: maelezo mengi ya magonjwa ya ngozi husema "wekundu", na kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani hivyo. Sehemu iliyowaka huonekana nyeusi zaidi, au ya kijivu, au kama zambarau. Tumia mgongo wa kiganja chako kupima joto, na ncha za vidole kupima kama pamekuwa pagumu au pamevimba.

Ukishaangalia, jibu maswali haya, na ikiwezekana uyaandike:

1. Inawasha? Usiku huzidi?
2. Nani mwingine ndani ya nyumba anajikuna?
3. Imekaa upande mmoja wa mwili au pande zote mbili?
4. Siku ilipoanza ulikuwa unafanya nini: kupulizia mikorosho, kubangua korosho, kusuka nywele, kubadili sabuni au mafuta?
5. Umeshapaka nini, na kwa siku ngapi?
6. Ukigusa pale, unahisi?

Swali la sita ndilo linalosahaulika, kwa hiyo naanza nalo.

"Baka lenyewe haliwashi wala haliumi. Kuna haja ya kuhangaika?"

Ipo, tena kubwa. Kinachowasha watu hukikimbilia, kinachokaa kimya hukiacha miaka. Lindi na Mtwara ni miongoni mwa mikoa ambayo bado inapata wagonjwa wa ukoma, na ukoma mara nyingi huanza hivyo hivyo: baka moja au machache, yamepauka au yana rangi ya shaba, hayawashi, hayatoi jasho, na vinyweleo juu yake vimepukutika.

Kipimo cha nyumbani hakina gharama. Chukua pamba, isokote ncha iwe nyembamba kama utambi. Mgonjwa akiwa amefumbua macho, mguse mkononi mahali pazima na umwambie: "Kila utakapoguswa, weka kidole palepale." Akishaelewa, afumbe macho. Gusa ngozi nzima, gusa katikati ya baka, rudi kwenye ngozi nzima, usifuate mpangilio anaoweza kuukisia. Usiburuze pamba wala usitumie sindano, gusa kidogo tu. Kama kwingine anaonyesha sawasawa lakini kwenye baka haonyeshi mara mbili tatu, hapo hakuna hisia. Nenda kituo cha afya wiki hiyohiyo.

Na hata baka likiwa na hisia, vinundu kwenye masikio, nyusi kupukutika, ganzi ya vidole, au kiatu kuvuka mguuni bila wewe kujua vinatosha kukupeleka.

Wazee wetu wanakumbuka enzi ambazo mwenye ukoma alitengwa. Ndanda, wamisionari Wabenediktini waliwahudumia wagonjwa hao kwa miongo mingi wakati ndugu zao wenyewe wamewakimbia. Hofu ile bado imo ndani ya watu, ndiyo maana wanaficha baka chini ya shati. Lakini ukoma wa leo una dawa ya vidonge mchanganyiko, inayotolewa bure duniani kote tangu 1995. Mwenye mabaka yasiyozidi matano kwa kawaida hutumia miezi 6, mwenye zaidi ya hayo miezi 12. Siku ya kumeza dozi ya mwezi mkojo huwa mwekundu, na ngozi inaweza kuwa nyeusi zaidi kwa muda: ni dawa, si ugonjwa kuzidi. Ukoma hauambukizwi kwa kushikana mikono wala kula sinia moja, na watu walio wengi miili yao inaushinda wenyewe. Watu wa nyumbani nao wachunguzwe, kwa sababu vijidudu hivi hukaa mwilini miaka, hata 20, kabla baka halijatokea. Kinacholemaza ni kuchelewa, maana neva ikishakufa dawa haiirudishi.

Si kila baka jeupe ni ukoma. Baka jeupe pee kama chokaa, lenye hisia kamili, mara nyingi ni vitiligo, ambayo wengine huiita balanga. Haiambukizi hata kidogo.

Madoadoa yaliyopauka au ya kahawia kifuani, shingoni na mgongoni, yanayotoa unga laini ukiyakwangua kwa ukucha, huwa ni utangotango. Fangasi wake anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, na jasho la pwani yetu humchangamsha. Hautokani na uchafu. Shampuu yenye ketoconazole au selenium sulfide ipakwe kama povu kwenye madoa, ikae dakika 5 hadi 10, isuuzwe, kila siku kwa wiki moja hivi. Unga utaisha mapema, ila rangi ya ngozi huchukua miezi kurudi. Hapo ndipo watu wanapodhani dawa imegoma, wakahamia kwenye mkorogo, yaani krimu za kujichubua.

"Mikono yangu imekuwa myeusi na inabambuka tangu nianze kubangua"

Hili ni letu, ni la mikoa ya korosho. Mama yangu alibangua miaka yote ya utoto wetu. Ninakumbuka vidole vyake viwili, cha gumba na cha shahada: weusi wa lami uliozama kwenye mistari ya ngozi, na ngozi ya ncha imekuwa nyororo kama karatasi, haina hata alama za dole. Kabla ya kushika korosho alichovya vidole kwenye kibakuli cha majivu. Tulidhani majivu ni ya kuzuia utelezi. Alikuwa anajikinga.

Kati ya kuta mbili za ganda la korosho kuna mafuta meusi makali. Ndani yake mna asidi ya anakadi na kadoli, vitu vinavyounguza ngozi moja kwa moja, na kwa baadhi ya watu huamsha mzio: ukigusa kidogo tu, mkono unavimba na kutoa malengelenge, wakati mwingine hadi usoni ambako hukugusa. Mkorosho ni wa ukoo mmoja na mwembe. Kwa hiyo mwenye mzio wa korosho asishangae akitokwa na vipele mdomoni baada ya kula embe kwa kung'ata ganda. Amenye kwanza, au amenyewe na mtu mwingine.

Kama unabangua, fanya hivi:

Kabla ya kazi, paka mafuta ya nazi au ya kula mikononi hadi juu ya kiwiko, kisha vaa glavu nene za mpira. Glavu nyembamba za hospitali hazifai, mafuta ya ganda huzilainisha zikapasuka. Ukikosa glavu kabisa, mafuta pamoja na majivu ni afadhali kuliko mkono mtupu, lakini majivu nayo hukausha ngozi, kwa hiyo yaoshwe mara tu kazi inapokwisha.

Wakati wa kukaanga, kaa upande upepo unakotoka. Moshi wa maganda una makali yaleyale, na unaingia machoni na kifuani. Watoto wakae mbali.

Wakati wa kazi, usijifute jasho usoni kwa mkono, wala usiende chooni kabla ya kunawa. Nimeona wanaume waliovimba sehemu za siri, wakaona aibu kuja, wakaja siku ya tano.

Baada ya kazi, futa mafuta kwa kitambaa kikavu, kisha osha kwa sabuni na maji mengi, mara mbili au tatu. Usisugue kwa mchanga wala jiki ili weusi utoke. Weusi utaondoka ngozi ikijibadilisha. Kausha, paka Vaseline. Nguo za kubangulia zifuliwe peke yake, na mtoto anayenyonya asilazwe juu yake.

Likitokea lengelenge, usilitumbue. Osha, funika kwa kitambaa safi. Mafuta yakiruka jichoni, miminia maji safi kwa dakika 15 hadi 20 bila kuacha, ndipo uanze safari ya kwenda hospitali. Na ukiona mkono unavimba kila msimu na kila mwaka unazidi, hiyo ni dalili ya mzio, na mzio huu hauzoeleki. Ni vigumu kumwambia mtu aache kazi inayomlisha, lakini aombe kazi ya kuchambua au kufungasha badala ya kupasua.

Salfa ya mikorosho

Miezi ya kupulizia, mikorosho inapochanua na watu wanapambana na ubwiriunga, ukungu wa mikorosho, zahanati zinapata macho yanayochoma na shingo zenye vipele. Salfa ya unga ikikutana na jasho inawasha na kukausha ngozi. Pulizia alfajiri, upepo ukiwa umetulia, ukiwa na mikono mirefu, kitambaa cha pua na miwani. Funga kola. Oga kabla ya kula.

Na tafadhali, salfa ya shambani isichanganywe na mafuta ya nazi kumpaka mtoto mwenye upele. Ni kweli hospitali ina marhamu ya salfa, lakini ile ni ya kipimo cha asilimia 5 hadi 10, imetengenezwa kwa ngozi. Ya shambani ina vitu vingine na haina kipimo, na ngozi ya mtoto inaungua.

"Nyumba nzima tunajikuna usiku"

Basi uwezekano mkubwa ni upele. Kidudu chake, kidogo kiasi kwamba kwa macho hakionekani, kinachimba chini ya ngozi na kutaga mayai. Angalia katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni panapokaa mkanda, chini ya matiti, makalioni na sehemu za siri. Kwa mtoto mchanga angalia pia viganja, nyayo na kichwa.

Upele hautibiwi kwa mtu, unatibiwa kwa nyumba. Akipaka mmoja leo na mwingine Jumamosi, mnapokezana tu. Chagueni siku moja:

1. Hesabuni wote wanaolala chini ya paa hilo, pamoja na bibi, mgeni na mtoto asiyejikuna. Upele wa mara ya kwanza huchukua wiki kadhaa bila kuwasha, kwa hiyo asiyejikuna si kwamba hana.

2. Nunueni dawa inayowatosha wote. Inayopatikana zaidi huku ni losheni ya benzyl benzoate ya asilimia 25, nyeupe kama maziwa, watu huiita BBE. Kwa watoto huzimuliwa kwa maji: mwulize mtoa dawa kipimo kwa umri wa kila mtoto, na mwambie kama kuna mjamzito. Ipo pia krimu ya permethrin ya asilimia 5, ambayo ni laini zaidi kwa watoto.

3. Jioni, ogeni, mjikaushe vizuri. Subirini mwili upoe.

4. Pakeni kuanzia shingoni hadi unyayoni, siyo palipo na vipele tu. Katikati ya vidole, kitovuni, chini ya kucha. Kateni kucha kwanza. Mkinawa mikono, pakeni tena mikononi.

5. BBE ikae saa 24, permethrin saa 8 hadi 12, ndipo muoge. Permethrin hurudiwa baada ya siku 7. BBE rudieni kama mlivyoelekezwa.

6. Siku hiyohiyo shughulikieni nguo, kanga, shuka na mataulo ya siku tatu zilizopita.

Hii ya sita ndiyo ngumu kwa ndugu zetu wa uwanda wa Makonde, ambako mto haupo juu na ndoo ya maji ni mali. Msikate tamaa. Kidudu cha upele nje ya mwili wa mtu hakimalizi siku tatu nne. Zifungeni nguo kwenye mfuko usiopitisha hewa, ziwekeni pembeni wiki nzima bila kuzigusa. Fueni zile mtakazovaa tu. Godoro na mkeka vitoeni juani mchana kutwa.

Mwasho utaendelea wiki mbili hadi nne baada ya dawa kufanya kazi, kwa sababu mwili bado unapambana na mabaki ya kidudu. Watu wengi hapo hupaka tena, na tena, mpaka ngozi inawaka kwa dawa yenyewe. Vipele vipya vikiendelea kutokea baada ya wiki nne, rudini kituoni.

Mtoto mwenye upele uliotunga usaha asikae nyumbani. Bakteria wa vidonda hivyo wanaweza kuathiri figo: uso unavimba asubuhi, mkojo unakuwa na rangi ya chai ya rangi. Ukiona hivyo, ni hospitali siku hiyo.

Kichwa cha mtoto

Mapunye hayaponi kwa kupaka. Naandika hivyo bila kupunguza, kwa sababu nimeona vichwa vilivyopakwa mafuta ya taa, ndimu, hata maji ya betri. Fangasi wa mapunye anaishi ndani ya shina la unywele, krimu haimfikii. Dawa yake ni ya kumeza, mara nyingi griseofulvin, kwa wiki 6 hadi 8, kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Mpe akiwa amekula kitu chenye mafuta, kwa maana dawa hii huingia mwilini vizuri ikikutana na mafuta. Huku kwetu hilo si tatizo: mboga ya tui la nazi, au karanga za kusaga kwenye uji. Nywele zikianza kuota wiki ya tatu usisimamishe.

Mapunye yakivimba, yakawa bonge laini linalotoa usaha, yasipasuliwe. Linafanana na jipu lakini ni mwili unaopigana na fangasi, na kisu huacha kovu lisiloota nywele.

Nywele za mtoto zikiwa nyepesi, zimegeuka rangi ya kutu na zinang'oka bila maumivu, tatizo haliko kichwani, liko kwenye sahani. Apimwe uzito na aangaliwe miguu kama imevimba.

"Nywele zangu za mbele zinarudi nyuma"

Wasichana wengi wananiuliza hili wakishusha kilemba kwa aibu. Mara nyingi chanzo ni kuvutwa. Rasta ndefu nzito, twende kilioni zilizobanwa hadi macho yanavutika, halafu juu yake kilemba cha kubana. Msusi akisema "vumilia, zitalegea kesho", mwambie dada huyo alegeze leo. Vipele vidogo kwenye mizizi, au kichwa kinachouma usiku wa kwanza, ni dalili kwamba mzizi unang'olewa taratibu.

Legeza mbele na pembeni. Usikae na rasta zaidi ya wiki 6 hadi 8. Ukizifumua, pumzisha kichwa wiki kadhaa kabla ya kusuka tena. Usiweke dawa ya kulainisha na kusuka wiki moja: dawa ile ni kemikali kali inayovunja viunganishi vya unywele, na unywele uliotoka kuvunjwa ukivutwa unakatika. Ukiweka dawa, paka Vaseline kwenye paji, masikio na kisogo, usiweke juu ya kidonda au siku uliyojikuna, na ikianza kuchoma isuuzwe hapohapo hata kama muda haujafika.

Ukikamata tatizo mapema, nywele huota tena ndani ya miezi. Ngozi ikishakuwa laini na kung'aa, vitundu vya nywele havionekani, mizizi imekufa, na mafuta ya kuotesha yanayouzwa sokoni hayataifufua. Nywele zikipungua kuanzia utosini na ngozi inachoma au kuwasha, muone daktari mapema zaidi, maana aina hiyo huacha kovu chini kwa chini.

Nywele kutoka mashada kwa mashada miezi mitatu baada ya kujifungua, au baada ya malaria kali, hutisha lakini hurudi zenyewe. Na duara laini lisilo na nywele lililotokea ghafla, ambalo majirani watasema mtu kanyolewa usiku, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia mizizi ya nywele. Unatibika kwa wengi. Hakuna aliyemnyoa.

Kwa wanaume, vipele vya kidevuni na vinundu vya kisogoni vinatokana na nywele ya kipilipili kukatwa chini sana, ikajikunja na kuchoma ngozi. Mwambie kinyozi asishushe chini kabisa, aache milimita moja, na afuate nywele zinakolala. Pumzika kunyoa wiki nne kama vipele vimewaka. Vinundu vya kisogoni visikatwe kwa wembe, hukua na kuwa kovu gumu. Wembe wako uwe wako, kwa sababu ya homa ya ini na VVU.

Mba nitaisema kwa ufupi: shampuu ya ketoconazole mara mbili kwa wiki, ikae dakika tano. Mafuta mengi juu ya mba huilisha.

Mkorogo, na krimu ya "kila kitu"

Soma tyubu. Ukiona neno clobetasol au betamethasone, hiyo ni steroidi kali. Ni dawa nzuri kwa ugonjwa sahihi na kwa siku chache, mfano pumu ya ngozi iliyowaka. Kwenye fangasi inazima mwasho na kufuta ukingo wa duara, huku fangasi akisambaa kimyakimya, kiasi kwamba hata sisi wahudumu hatumtambui tena. Usoni inaleta chunusi, ndevu kwa wanawake, ngozi nyembamba inayoonyesha mishipa. Ukiona hydroquinone au mercury, yaani zebaki, usipake kabisa. Zebaki hudhuru figo, na ya mjamzito humfikia mtoto tumboni.

Kama umetumia mkorogo kwa miaka, usikatishe bila kumwona daktari. Mwili uliozoea steroidi unaweza kudhoofika sana ukiiacha ghafla, na uso unaweza kuwaka kuliko mwanzo. Mwambie ukweli wote. Hatukucheki, tunahitaji kujua.

Na pumu ya ngozi yenyewe, ile ya kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, haihitaji sabuni ya dawa. Inahitaji mafuta. Oga haraka kwa sabuni laini, jifute kidogo, na ngozi ikiwa bado na unyevu paka Vaseline au mafuta ya nazi. Mara mbili kwa siku, hata siku isiyowasha.

Harara za watoto msimu wa joto hazitaki mafuta kabisa. Mvue nguo, muogeshe maji ya kawaida, mweke penye upepo.

Mguu wa matende

Pwani yetu imeteseka sana na matende na mabusha, na ingawa dawa za kingatiba zimepunguza maambukizi, wapo wenye miguu iliyokwishavimba. Wengi wameambiwa hakuna la kufanya. Lipo, na ni sabuni na maji.

Mguu unapata homa na kuwaka moto kwa sababu bakteria wanaingia kupitia nyufa za katikati ya vidole. Ukiziba nyufa, homa zinapungua, na uvimbe hauzidi. Kila jioni, kaa kwenye kiti, weka beseni. Osha mguu kwa sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu, kwa kiganja, si kwa dodoki. Ingiza kitambaa laini ndani ya kila mkunjo na kila nafasi ya vidole. Suuza hadi maji yawe masafi. Kausha kwa kugonga-gonga, usisugue, na katikati ya vidole pakauke kabisa. Penye weupe na harufu ni fangasi, paka clotrimazole. Inua mguu juu ya mto unapolala, na unapokaa chezesha kifundo juu na chini. Vaa viatu vya wazi visivyobana. Siku mguu ukiwaka na homa, uweke kwenye maji baridi, pumzika, na nenda kituoni ukapate dawa ya bakteria. Wa mabusha waende hospitali: yanaondolewa kwa upasuaji.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino

Jua la hapa halina msamaha. Kofia pana, mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, na kazi za shamba zifanywe asubuhi na jioni. Losheni ya kukinga jua ipakwe kila siku, hata ya mawingu, na irudiwe. Iko Kilisun, iliyobuniwa Moshi mahsusi kwa ajili yao. Ulizia hospitali ya wilaya au chama cha watu wenye ualbino. Kidonda usoni, sikioni au mdomoni kisichopona kwa mwezi kinatakiwa kuonwa na daktari, hata kama ni kidogo kama punje ya mtama. Saratani ya ngozi ikikutwa na ukubwa huo hukatwa ikaisha.

Siku ya kwenda kituoni

Anzia zahanati yako. Ikishindikana utaandikiwa rufaa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, au hospitali za Ndanda na Nyangao kwa walio njiani. Malengelenge yaliyopangika kama mshipi upande mmoja wa mwili ni mkanda wa jeshi, nenda ndani ya siku tatu, na ukubali kupima VVU ukiulizwa. Ngozi inayobambuka na mdomo wenye vidonda baada ya kumeza dawa yoyote ni dharura. Acha dawa hiyo, ondoka nyumbani saa hiyohiyo.

Asubuhi ya safari usipake kitu. Usivae rasta mpya juu ya kichwa chenye ugonjwa, tutalazimika kukufumua. Beba tyubu zote, hata zilizokwisha, na yale majibu sita. Vipele vinavyotokea na kupotea, vipige picha kwa simu mchana. Kabla hujatoka chumbani uliza mambo matatu: hii dawa ina steroidi? Nipake siku ngapi? Nisipopona nirudi lini? Mwombe aandike majibu kwenye boksi la dawa, kwa kalamu, kwa Kiswahili.